Kipaimara nimepata, jumuiya sihudhurii: mbona sikui kiroho?

Ndugu, umesema tangu upate Kipaimara, ile sakramenti ya kuimarishwa kwa Roho Mtakatifu, unajiona uko palepale, ukauliza kama uongeze siku za kufunga au uhamie kwenye kanisa la mikesha. Mimi ni katibu wa jumuiya huku Masasi, yaani kikundi cha majirani Wakatoliki wanaosali pamoja nyumba kwa nyumba, nakujibu kwa ninayoyaona.

Sina ugomvi na kufunga wala mikesha. Ila soma tena tunda la Roho, Wagalatia 5:22-23: upendo, furaha, amani, uvumilivu, utu wema, fadhili, uaminifu, upole, kiasi. Karibu yote hayo yanamhitaji mtu wa kukuudhi. Ukijifungia chumbani, utamvumilia nani?

Ndiyo maana nazishikilia jumuiya ndogondogo. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walipozipa uzito mwaka 1976 walitaka Kanisa liwe kwa majirani, na jirani humchagui. Kwaya unachagua, hata chama cha kitume unachagua. Jumuiya unaikuta hapo unapoishi. Aliyesogeza mpaka wa mikorosho yako mnakaa mkeka mmoja, mnasoma Injili ya Jumapili, halafu zamu ijayo ni kwake na chai utainywa.

Huku kwetu mtu anapimwa kwenye korosho. Kabla ya mavuno hela hakuna, ada inadaiwa, basi mtu anauza kangomba: anapokea kidogo sasa, korosho zikianguka analipa kwa kipimo cha mnunuzi. Serikali imekataza, watu wanafanya usiku. Kulikuwa na mzee mmoja, sauti nzuri, misa hakosi, akachukua kangomba kwa mjane wa jumuiya hiyohiyo. Watu wakawa wananong'ona njiani wakitoka kusali.

Aliyekwenda kumwambia ni mama mmoja ambaye hata masomo huwa anaomba asomewe. Alikwenda nyumbani kwake, peke yake, kama Mathayo 18:15 inavyoagiza. Hakuanzia kwa paroko, hakulisema kikoba. Mzee alikasirika kwelikweli, jumuiya akasusa. Yule mama hakumsusa. Akipita na ndoo yake alikuwa anapiga hodi, anamjulia hali, anaondoka, na habari ya korosho hakuirudia tena. Msimu ulipofunguliwa mjane alipeleka magunia yake mwenyewe AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Mzee alirudishiwa ileile aliyotoa, bila nyongeza. Akarudi na kuimba. (Bado anaanzisha nyimbo juu mno, hilo limetushinda.)

Ukimwambia yule mama amekomaa kiroho atakucheka. Lakini kujua la kusema, kumwambia mhusika mwenyewe, kisha kubaki jirani yake wakati amenuna, sijaona semina inayofundisha hivyo.

Kipaimara chenyewe wengi wanakichukulia kama cheti cha kuhitimu. Askofu akishaondoka, vijana nao hatuwaoni mpaka harusi. Neema umepewa, sawa, sasa itumie kwa watu.

Kuhusu kuhama, kama unakimbia uchovu, kule nako utachoka, maana kuna watu vilevile. Anza na jumuiya ya hapo ulipo. Siku na saa muulize mwenyekiti, au jirani yeyote Mkatoliki atakuambia wiki hii ni kwa nani. Ikiwa ni kwa yule msiyesalimiana, hiyo usikose, na wahi kabla ya rozari.