Jibu: Mkusanyiko wa elektroniki kwenye MiniDisc, usirekodi kwa LP2 hata diski moja

Mkuu, chomoa huo waya wa USB kwanza. Kama nakala hazijatoka mkononi mwako, bado hujaharibu kitu.

Kwa wanaoingia sasa: mleta mada ana mkusanyiko wa muziki wa elektroniki, ngoma 14 za wasanii tofauti, zimeunganishwa bila kituo katikati, jumla dakika 74. Ana diski tupu 50 za MiniDisc (zile diski ndogo za Sony za kurekodia, zilizo ndani ya kasha) za dakika 80, kinasa kidogo cha NetMD (kinachopokea muziki kutoka kwenye kompyuta kwa USB) na deki ya mezani. Mpango wake ni kusukuma kila kitu kwa USB katika LP2 (njia ya kubana sauti zaidi ili diski ibebe muziki mara mbili), "kwa sababu ni haraka na sauti ni ile ile", halafu atume nakala kwa wanunuzi. Ameuliza pia kuhusu majalada, stika, namba za nakala na bei.

Hayo mengine yatasubiri. Hili la LP2 likikupita, jalada zuri halitakuokoa.

MiniDisc ilipotoka mwaka 1992 ilikuwa na njia moja tu ya kubana sauti ya stereo, ile tunayoiita SP: ATRAC (mbinu ya Sony ya kubana sauti) ya kilobiti 292 kwa sekunde. LP2 ya kilobiti 132 na LP4 ya kilobiti 66 zilikuja na MDLP (nyongeza ya kurekodi muda mrefu) mwaka 2000. Hesabu mwenyewe: mashine zote zilizotengenezwa kabla ya hapo hazijui LP2 ni kitu gani, na hata baada ya hapo zipo redio za gari na seti za nyumbani zilizotoka bila MDLP. Sasa jiulize ni nani anayenunua MiniDisc leo. Ni mtu mwenye Sony MZ-R30 au Sharp ya miaka ya 1990 aliyoitunza kwa upendo. Huyo ndiye mteja wako hasa.

Akiweka diski yako ya LP2, mashine haitamwambia kwamba kuna kosa. Itaisoma vizuri tu. Kioo kinaonyesha ngoma 14, saa inahesabu, diski unaisikia ikizunguka, ngoma ya kwanza inaisha inaingia ya pili. Sauti hakuna. Kimya kuanzia mwanzo hadi mwisho. Dalili pekee ni kwamba jina la kila ngoma linaanza na "LP:", alama ambayo kinasa huibandika chenyewe ili mwenye mashine ya zamani ajue kwa nini hasikii kitu. Lakini wangapi wanaijua maana yake? Mnunuzi anachojua ni kwamba amelipa na ameletewa diski bubu.

Na hasara yenyewe haiko pale watu wanapodhani. Diski inafutika na kurekodiwa upya, hilo si tatizo. Tatizo ni kwamba nakala zimeshasambaa. Unalipia posta ya kuzirudisha, unalipia posta ya kuzituma tena, stika haibanduki bila kuchanika, jalada linarudi limekunjwa, na kuna wanunuzi ambao hawatarudisha wala hawatanunua kwako tena. Ukifikiria kuwapelekea diski mpya badala yake, kumbuka Sony walisitisha utengenezaji wa MiniDisc tupu Februari 2025. Kilichobaki sokoni ni akiba, na akiba haiongezeki.

Halafu hebu niwaseme kidogo hao wanaosambaza huu ushauri, maana mimi pia niliwahi kulishwa maneno hayo hayo neno kwa neno. "LP2 na SP masikio hayatofautishi." Mtu ana mashine moja, imetoka baada ya 2000, anasikilizia humo humo alimorekodia, kisha anatangaza kwamba mambo ni shwari kwa dunia nzima. Hajawahi kuiweka diski yake kwenye mashine ya mtu mwingine. Ushauri wa kujirekodia nyumbani ni halali kabisa kwa nyumbani. Kumpa mtu anayetaka kuuza nakala 50 ni kumtumbukiza shimoni, na mtoa ushauri huwa hayupo malalamiko yanapoanza kuingia.

Tena hata kwa sauti wanakosea, hasa kwa muziki wa aina yako. Muziki wa elektroniki umejaa vitu vinavyoitesa mbinu yoyote ya kubana sauti: hi-hat kali za mashine, makofi makavu yanayotokea kwenye kimya, kelele nyeupe zinazopanda taratibu. Sikiliza pigo moja la kofi la mashine katika LP2 kwa hedifoni nzuri. Kabla tu ya pigo utasikia kitu kama vumbi, sauti ya "fss" fupi iliyotangulia, na mkia wa hi-hat unakuwa na unyevunyevu. SP nayo inabana, lakini ina nafasi zaidi ya mara mbili ya kubeba maelezo, na inapokutana na pigo la ghafla hugawa kipande cha milisekunde 11.6 kuwa vipande vifupi zaidi ili kosa lisitapakae.

Na swali ambalo ningependa ulijibu mwenyewe: muziki dakika 74, diski dakika 80. LP2 unaitakia nini? Inaingia yote kwa SP na nafasi inabaki.

Najua jibu lako ni USB, kasi. Basi sikiliza na hili. Programu za kompyuta zilizokuja na NetMD enzi zile, ukichagua "SP", zilikuwa zinabana sauti kwa kiwango cha LP2 kwanza, kisha zinaivalisha nguo za SP. Inachezeka kwenye mashine ya zamani, ndiyo, lakini ubora ni ule ule wa LP2 huku ikikula nafasi ya SP. Web MiniDisc ya siku hizi ni afadhali, hutuma sauti ghafi na kinasa ndicho kinachobana. Lakini mkusanyiko wako umeunganishwa. Ukituma ngoma moja moja kama faili 14, kwenye kila kiungo unajitafutia mkatiko mdogo, kwa sababu mwisho wa kila faili hujazwa kimya hadi kipande cha mwisho kitimie. Kwenye ngoma ya dansi isiyosimama, mkatiko huo unasikika hata na asiyejali.

Kwa hiyo SP, kwa muda halisi, kupitia optiki (waya unaobeba sauti ya dijitali kwa mwanga). Hakuna njia ya mkato kwa kazi ya kuuza.

Namna ya kufanya. Masta yako iwe 44.1 kHz, biti 16, vilele visizidi -1 dB, kwa sababu kubana huweza kuinua kilele kidogo na kukikatisha. Usiirushe kutoka kwenye kompyuta moja kwa moja, choma CD-R. Sababu ni kwamba CD ikipigwa kwa optiki hutuma pia habari za namba za ngoma, na deki ya MiniDisc inaziweka alama yenyewe mahali pake. Kutoka kwenye kompyuta hupati hizo, utabaki unagawa ngoma kwa mkono, viungo 13 mara diski 50, na kila diski alama itakaa mahali tofauti.

CD-R yenyewe ichomwe kwa mkupuo mmoja, faili moja refu la WAV pamoja na faili la CUE (linalosema kila ngoma inaanzia wapi), pengo kati ya ngoma sifuri. Ukikata WAV vipande vipande, urefu wa kila kipande lazima ugawanyike kwa sampuli 588, maana fremu moja ya CD ni sampuli 588 na sekunde ina fremu 75. Usipofanya hivyo kichomeo kinajaza sifuri mwishoni na unasikia "tik" kwenye kiungo. Tumia kicheza CD chenye tundu la optiki. Kicheza DVD kinaweza kutoa sauti vizuri lakini kisitume namba za ngoma.

Kwenye deki, zima Smart Space na Auto Cut kabla ya kitu kingine chochote. Smart Space ikikuta kimya cha sekunde kadhaa hukifupisha hadi kama sekunde 3. Auto Cut ikikuta kimya cha kama sekunde 30 huisimamisha kazi kabisa. Kwa muziki wa pop hizi ni msaada. Kwa mkusanyiko wenye vipande vya ambient vinavyofifia hadi karibu na sifuri ni balaa, kwa sababu mashine inaona kimya pale ambapo msanii ameweka pumzi. Kiwango cha kurekodi kwa dijitali kiache 0.0 dB. Diski iliyotumika ifute yote kwanza, usirekodi juu ya vipande vya zamani.

Usinakili MiniDisc kutoka kwenye MiniDisc kwa optiki. SCMS, kinga ya kuzuia nakala ya dijitali ya nakala, itakukatalia, kioo kitaandika "Cannot Copy", na hata ungepata njia ya kuizunguka, ungekuwa unabana kilichokwisha banwa. Kila diski itoke kwenye CD-R ile ile.

Muda: dakika 74 mara 50 ni dakika 3,700, yaani saa 61 na dakika 40 kwa deki moja. Ukiazima deki mbili zaidi na kuigawa optiki, ni mizunguko 17, kama saa 21. Ni kazi ya siku kadhaa ambayo haihitaji uikodolee macho, isipokuwa mwanzo na mwisho wa kila diski.

Mwisho wa diski ndipo pa kuangalia hasa. Ukibonyeza STOP muziki umeshaandikwa, lakini orodha inayosema ngoma ipi iko wapi, ile UTOC, bado imo kwenye kumbukumbu ya deki. Neno "TOC" linawaka au kumetameta. Deki nyingi huiandika unapotoa diski au kuizima kwa kitufe chake. Umeme ukikatika hapo, au ukichomoa waya ukutani, diski inasoma kama haijawahi kurekodiwa. Toa diski kwa kitufe, subiri hadi maandishi yazime, kisha, majina yakishaandikwa, sogeza kile kijiti cha ulinzi pembeni mwa kasha hadi kitundu kiwe wazi.

Majina ndiyo mahali pekee ninapokuruhusu USB. Diski ikishatoka kwenye deki, iingize kwenye NetMD uandike majina kwa kompyuta badala ya kuzungusha herufi moja moja (kumbuka kukisogeza kijiti cha ulinzi baada ya hapo, si kabla). Nafasi ni kama herufi 1,700 kwa diski nzima, na kila jina hukatwa katika vipande vya herufi 7. Ngoma 14 pamoja na majina ya wasanii zinaingia bila shida.

Usije ukashawishika na Hi-MD pia, lile toleo la baadaye la MiniDisc. Ni kweli inarekodi bila kubana, lakini diski ya kawaida ikipangwa kwa Hi-MD haisomeki kabisa kwenye mashine zisizo za Hi-MD. Ni shimo lile lile, lina kina zaidi.

Na kama unataka kuonyesha kwamba umeielewa hii diski, acha kuitumia kama CD ndogo. Gescom, kundi la muziki wa elektroniki, mwaka 1998 walitoa albamu ya vipande 45 vilivyogawanywa katika ngoma 88, imekusudiwa kuchezwa kwa kuchanganywa, kwa sababu MiniDisc husoma kasi kuliko inavyocheza na kuhifadhi sekunde kadhaa mbele, hivyo inaruka kutoka kipande hadi kipande bila kusita. Mkusanyiko wako una dakika kadhaa zilizobaki. Vipande vifupi vya sekunde 20 au 30 vingekaa vizuri mwishoni. Vyote kwa SP, bila shaka.

Stika: kasha ni milimita 72 kwa 68, unene 5, na kuna sehemu iliyobonyea ambapo stika inakaa. Ipime kwenye diski zako mwenyewe na ukate ndani ya mipaka hiyo. Stika ikipanda juu ya ukingo, deki ya kumeza diski inaing'ang'ania, na kuitoa ni kufungua mashine. Usiguse mlango wa chuma kwa gundi.

Rekodi diski moja tu leo. Itafutie mashine ya kabla ya 2000, hata ya kuazima, uisikilize yote kwa hedifoni: viungo vyote 13, na alama za ngoma kama zimekaa kwenye pigo la kwanza au zimeteleza nyuma yake. Zikichelewa, rudisha nyuma alama kwenye faili la CUE fremu 10 hivi, choma CD-R nyingine, jaribu tena. Deki yako ni modeli gani, na ina tundu la optiki la kuingiza au la kutoa tu? Iandike hapa kabla hujaanza diski ya pili.