Basi la kando ya Kivu na watoto: kaeni kushoto

Mama, umeuliza kama watoto wa miaka minne na saba wataweza kwenda Kibuye, mji wa Rwanda kando ya ziwa Kivu, na kurudi siku moja toka Bukavu, Kongo. Wataweza, ila mtafika nyumbani wamelala mabegani.

Sisi tulivuka Ruzizi, mto wa mpakani, alfajiri, tukapanda basi Kamembe upande wa Rwanda. Wakati wa kwenda kaeni kushoto, ziwa lote liko upande huo. Kulia ni chai na migomba. Taabu ni kona, haziishi! Wangu wa pili alitapika kabla hata ya Nyamasheke, na mifuko ya plastiki niliyoiweka tayari ilikuwa imebaki mpakani. Rwanda waliipiga marufuku tangu 2008, nami nilisahau kabisa. Bebeni ndoo ndogo yenye kifuniko.

Kibuye shukeni moja kwa moja ufukweni, mle sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, za kukaanga zingali moto, na pilipili. Ule mtambo wa gesi ya metani unaoelea ziwani, baba watoto aliueleza mpaka soda zikaisha. Tiketi ya kurudi nunueni mkifika tu. Sisi tulichelewa, basi likajaa mbele ya macho yetu, tukaja kupakatana kwenye la mwisho.