Jibu: Ensaiklopidia inasema sayari tisa, kitabu cha darasani nane

Habari ndugu. Umekwama kwa sababu ensaiklopidia yako inataja sayari tisa, kitabu cha darasani kinataja nane, na hujui ushike lipi. Kwanza fungua kurasa za mwanzo za ensaiklopidia utazame mwaka wa kuchapishwa. Ikiwa ni kabla ya 2006, haikukosea kwa wakati wake: Pluto iligunduliwa 1930 ikahesabiwa sayari hadi Agosti 2006, Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulipoiweka kwenye kundi la sayari kibete, ambazo hazihesabiwi pamoja na sayari kamili. Kwa hiyo andika nane.

Lakini usiitupe, tafadhali! Yangu ni kuukuu, na bado naisoma kuelewa moyo unavyosukuma damu au kwa nini mwezi hupatwa. Mambo hayo hayajabadilika. Ninachokihakiki upya ni hesabu: miezi ya Mshtarii (Jupita), idadi ya elementi (zilizopewa majina zilifika 118 mwaka 2016) na kadhalika. Hapo naingia Wikipedia, ila nashuka hadi kwenye marejeo nifungue chanzo chenyewe. Sentensi isiyo na chanzo siinukuu kabisa, hata ikiwa imeandikwa vizuri namna gani.