Nina shahada ya biashara, nataka udaktari: nianzie wapi?

SWALI: Assalaam alaykum. Nina miaka 26, nina shahada ya biashara na ninafanya kazi ya hesabu Chake Chake. Nia yangu ni udaktari. Kidato cha Nne nilipata C za Biolojia, Kemia, Hisabati na Kiingereza, na D ya Fizikia. Kidato cha Sita nilisoma Uchumi, Biashara na Uhasibu. Je, shahada yangu inatosha? (Msomaji, Wete, Pemba)

JIBU: Waalaykum salaam, dada yetu. Haitoshi. Vyuo vyetu vinataka Fizikia, Kemia na Biolojia za Kidato cha Sita, jumla isipungue pointi 6 na kila somo angalau D. D ni pointi 2, kwa hiyo D tatu zinakufikisha mlangoni tu. Waombaji ni wengi, basi lenga C na B.

Ipo njia ya Stashahada ya Utabibu, ambayo SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar) wanaifundisha Mbweni, Unguja: miaka mitatu, kisha unaomba udaktari ukiwa na GPA (wastani wa alama za chuo) isiyopungua 3.0 pamoja na angalau D katika masomo yale matano ya Kidato cha Nne uliyoyataja, nazo unazo. Lakini itabidi uache kazi tangu siku ya kwanza. Kwako wewe tunaona bora ufanye Kidato cha Sita upya kama mtahiniwa wa kujitegemea. C zako zinakuruhusu, na mshahara unaendelea kuingia.

Mtihani ni Mei, ila usajili hufanyika mwaka wa kabla yake. Kwanza tazama majina yako: yakitofautiana baina ya cheti cha kuzaliwa na cha Kidato cha Nne, yarekebishe sasa, maana chuoni ndipo yanapokwamisha watu.

Jipe miaka miwili. Ukipata saa 12 kwa wiki, 5 ziwe za Fizikia, 4 za Kemia, 3 za Biolojia. Biolojia inasomeka hata ndani ya daladala. Fizikia inataka meza, kalamu na maswali ya miaka iliyopita. Anza na vekta, mwendo na logi (logarithimu) za Kidato cha Nne, kwani wengi huifahamu kanuni wakaangushwa na hesabu yake.

Mitihani ya vitendo ya maabara ndiyo inayowaponza watahiniwa wa kujitegemea. Wanasoma madaftari mwaka mzima, bureti (mrija wa vipimo wenye koki) wanaishika Aprili. Zungumza mapema na skuli yenye maabara, uende hata Jumamosi mbili kwa mwezi. Katika jaribio la Kemia la kupima alkali kwa asidi, bureti isuuze kwa asidi ile ile utakayoitia, pipeti (mrija wa kuchotea) kwa alkali yake, lakini chupa ya chini inayopokea alkali isuuze kwa maji yaliyokenekwa tu. Ukiisuuza kwa alkali, inayobaki ndani itakuongezea kipimo. Kabla ya kusoma namba, fungua koki mpaka kiputo cha hewa kitoke nchani, kisha toa faneli. Tone la mwisho la pipeti usilipulize: pipeti imepimwa pamoja na tone hilo kubaki.

Ukifaulu, udaktari ni miaka 5, na mwaka 1 wa mafunzo kazini hospitalini. Ukijumlisha na maandalizi, utakuwa na miaka 34 hivi. Kuhusu fedha, nenda ofisi ya Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar uulize wanavyomtazama mwenye shahada tayari, na upate jibu hilo kabla hujaandika barua ya kuacha kazi.

SWALI: Wakala ananiambia naweza kwenda kusoma udaktari nje bila Kemia. Nikubali? (Msomaji, Jang'ombe, Unguja)

JIBU: Usilipe hata shilingi, kaka. Anayekwenda kusoma nje anatakiwa apate kwanza cheti cha kutokuwa na pingamizi kutoka Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, nao wanaangalia sifa zako za kuingilia. Bila Kemia unaweza kurudi na shahada isiyotambuliwa, na bila kutambuliwa huwezi kusajiliwa kutibu.