Nimekosana na chama nilichokipigia debe

SWALI: Shikamoo Bi Mwalimu. Nina meza ya mboga soko la Kongowea, huu mwaka wa 11. Uchaguzi wa 2022 nilikuwa mtu wa wilbaro kabisa, ile alama ya UDA, chama cha Ruto. Hapa Mombasa wengi walikuwa Azimio, upande wa Raila, kwa hiyo nilitukanwa na kutaniwa, lakini sikurudi nyuma. Kila mkutano ilikuwa mama mboga, mama mboga, na mama mboga mwenyewe ndiye mimi. Tangu nianze kuuza sijawahi kusikia mkubwa akiitaja kazi yangu kwa heshima. Nilivaa fulana ya njano chini ya leso, na kila aliyekuja kununua sukuma wiki nilimwambia kura yake ampe Ruto. Wapo niliowageuza. Muuza nazi wa meza ya pili, mama mmoja wa Kisauni, na hamali anayenibebea kreti za nyanya.

Leo sina la kuwaambia. Mkopo wangu wa kwanza wa Hustler, ule mfuko wa serikali tulioahidiwa, ulikuwa shilingi 500. Mwaka 2023 VAT ya mafuta ikatolewa asilimia 8 ikapelekwa 16, petroli ikavuka 200 kwa lita, na mwenye lori akaniongezea malipo ya kila kreti. Bima mpya ya afya natakiwa nilipe ya mwaka mzima kwa mkupuo, na mimi pesa zangu ni za kila jioni. Juni 25, 2024 kijana wangu alikwenda mjini na bendera kuandamana, akarudi macho mekundu kwa moshi wa vitoa machozi. Akaniuliza, "Mama, si nyinyi mliowaweka?"

Yule hamali hanisemi. Nikimlipa hunitazama tu, akapokea, akaenda. Hapo ndipo ninapoumia. Nimeamua 2027 nitakaa nyumbani kwangu. Nakosea?
Mwenye Haya, Kongowea

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nakwama pale kwa hamali. Basi nianze na yeye, kura nitaifikia.

Haya hiyo naijua. Mwaka 2002 nilikuwa nafundisha darasa la nne upande wa Likoni. Mamangu alikuwa mtu wa KANU, chama tawala cha wakati ule, tangu enzi za Mzee Kenyatta. Kadi yake ya chama aliifunga kwenye pindo la leso pamoja na pesa za samaki, maana kulikuwa na zama ambapo kuingia sokoni au kupanda matatu kungeweza kukushinda kwa kukosa kadi. Alikuwa amechoka, lakini kuogopa alikuwa bado anaogopa. Mimi ndiye niliyemgeuza. Wiki nzima nilimwandama jikoni, yeye akikuna nazi, mimi nikimwambia habari za Narc, muungano wa upinzani wa Kibaki, na ahadi yake ya katiba mpya ndani ya siku 100. Desemba 27 tukapanga foleni pamoja. Kibaki alipata asilimia 62, KANU ikatoka madarakani baada ya miaka 39. Matokeo yalipotangazwa mamangu alifungua pindo, akaitoa ile kadi, akaigeuza huku na huku, kisha akaitumia kuwashia makaa. Hakusema neno.

Januari ikaja elimu ya msingi bila malipo. Darasa langu lilikuwa la watoto arubaini na kitu. Asubuhi ya kwanza nilikuta wamejaa mpaka mlangoni, wengine wamekaa madirishani. Madawati hayakutosha, nikatoa mkeka nyumbani nikautandika chini ya ubao. Alikuwepo mvulana wa miaka 15, ndevu zimeshaanza kuota, ameketi na watoto wa miaka tisa, ameshika penseli kwa ngumi nzima kama mtu ashikaye kasia. Kazi yake ilikuwa kuvua na babake. Nilimshika mkono nikamwonyesha namna ya kuandika "a". Siku ile ningeulizwa kama tulikosea kuichagua Narc, ningemfukuza muulizaji darasani.

Halafu ikaja kashfa ya Anglo Leasing, mikataba ya pasipoti na ya maabara ya polisi kwa kampuni ambazo hakuna aliyeweza kutuonyesha ziko wapi. Siku 100 zikapita bila katiba, ikapita miaka miwili. Wakubwa wa Narc wakagombana juu ya makubaliano yao ya kugawana vyeo. Jioni moja mamangu ananitilia chai, akaniuliza, "Hawa wako, ile katiba wameileta?" Neno lenyewe ndilo hilo, *hawa wako*. Hakutukana wala hakucheka. Kile kikombe kilinishinda kumaliza. Kwa hiyo ukiniambia hamali hunitazama tu, naona kikombe kile.

Nilichofanya mimi nakipendekeza kwako. Nilikaa naye nikamwambia, mama, hapa niliamini kitu na hakikutimia, na hapa kilitimia. Sikumwomba msamaha kwa kuamini. Mtu aliyepewa ahadi mbele ya umma akaiamini hajafanya kosa. Kosa ni la aliyeahidi akaacha, na la yule aliyeona ahadi imeachwa akaendelea kuimba. Wewe umeshaacha kuimba, ila hujamwambia yeyote. Mtazamo wa hamali unakuuma kwa sababu baina yenu kuna neno halijasemwa, na wa kulisema ni wewe. Siku moja soko likipoa mwite, agiza chai na mahamri mawili, mwambie wazi: nilikwambia umpe fulani kura kwa sababu hii na hii, na hili na hili halikuja, na mimi limeniumiza kama lilivyokuumiza wewe.

Na yaliyotimia pia uyataje. Siku ya kuapishwa, Septemba 13, 2022, Rais alitangaza shughuli za kutoa mizigo zirudi bandari ya Mombasa, na nyumba nyingi za hapa zilizokuwa zimekosa kazi zilishukuru. Mbolea ya ruzuku ilishuka bei, hata wakulima wanaokuletea mboga wanalijua hilo. Ukiyafuta mema, mtu hatakuamini katika mabaya.

Sasa ya kura. Hapa nitakuwa mkali kidogo, unisamehe.

Mwaka 2002 kosa letu kubwa halikuwa kumpenda Kibaki. Dhambi zote za nchi tulimtwika mtu mmoja, Rais Moi wa KANU, tukadhani akienda zimekwenda naye. Miezi miwili tu kabla ya kura, wakubwa kadhaa wa KANU walihamia upande wetu, tukawapokea kwa vigelegele, mimi nikiwamo. Hakuna aliyewauliza walikuwa wapi miaka ile yote, waliunga mkono sheria gani, walisaini nini. Tulihama nyumba, kunguni tukawabeba ndani ya godoro. Miaka miwili baadaye tukaanza kujikuna, tukashangaa.

Nakuona unaelekea njia ileile kwa upande wa pili. Mwaka 2022 matumaini yote uliyaweka kwa mtu mmoja, leo hasira yote umemwekea yeye. Hasira ya namna hiyo inawafichia wengi. Juni 25, 2024, wakati kijana wako yuko barabarani, Mswada wa Fedha, ule wa kuongeza kodi, ulikuwa unapigiwa kura Bungeni. Wabunge 195 waliuunga mkono, 106 wakaupinga. Kesho yake Rais akasema hatautia sahihi, kwa hiyo sote tukamtazama Rais. Wale 195 wakarudi maeneo bunge yao, wakakata utepe wa madarasa, wakachanga kwenye harambee. Mbunge wako alikuwa upande gani siku ile? Nimewauliza mama mboga wenzako wanne niliponunua mchicha juzi. Mmoja ndiye aliyejua.

Nimeona mabaraza mawili ya mawaziri yakivunjwa, mwanangu, na mara zote mbili nilifurahi. Novemba 21, 2005 mimi na mamangu tulipigia chungwa, alama ya hapana, tukaikataa rasimu ya katiba ambayo serikali ilikuwa imeipindapinda. Hapana ikapata asilimia 58, na siku mbili baadaye Kibaki akawaachisha kazi mawaziri karibu wote. Julai 11, 2024 Ruto akafanya vivyo hivyo, akambakisha Waziri mwenye Mamlaka Makuu peke yake, naibu wake akiwa salama kwa wakati ule. Haikuisha mwezi, baadhi ya waliofukuzwa wamerudi, na watu wa ODM, chama cha Raila, wameingia, akiwemo aliyekuwa gavana wetu hapa, Joho. Desemba mwaka huohuo hatua kadhaa za kodi zilizokuwa ndani ya ule mswada zikarudi kupitia sheria nyingine. Kufukuzwa kwa mawaziri hakukutuletea kitu mara zote mbili. Kilicholeta kitu ni ile hapana yenyewe. Ya 2005 ilizuia katiba mbovu, na baada ya damu nyingi ya 2007, ambayo mpaka leo siwezi kuisimulia darasani bila sauti kukatika, tukaipata ya 2010. Ibara yake ya kwanza inasema mamlaka yote kuu ni ya wananchi. Ya 2024 iliusimamisha mswada kwa gharama ya vijana zaidi ya 50, wengine umri wa kijana wako. Ukikaa nyumbani, hapana yako utaisemea wapi?

Tena hesabu iko hivi. Mwaka 2022 Ruto alipata kura 7,176,141, Raila 6,942,930. Waliojiandikisha wakakaa nyumbani walizidi milioni 7.7. Waliokaa nyumbani walimzidi kila mmoja wa wagombea hao wawili, na Rais akapatikana kwa tofauti ya kura laki mbili na kitu. Najua wengi wao walikaa kwa uchungu kama wako. Lakini kasha la kura halina mahali pa kuandika uchungu. Asiyekuja hahesabiwi kuwa amekataa, wala hakuna mwanasiasa anayekosa usingizi kwa ajili yake.

Siku ile utapewa karatasi sita. Rais ni moja. Gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na mwakilishi wa wadi ni tano. Ada ya soko lako, taa za usiku pale Kongowea, mtaro unaofurika masika na nyanya zako ziko chini, hayo yote ni ya kaunti, hayafiki Ikulu. Ukitaka, ile ya Rais ifikirie mpaka siku ya mwisho, sikulazimishi na wala sikutajii jina. Lakini zile tano anza nazo sasa. Nunua daftari la shilingi 30, andika majina matano, na chini ya kila jina yale aliyokuahidi kwa mdomo wake na tarehe. Mwonyeshe hamali, naye aongeze aliyoyasikia. Mamangu hakujua kuandika. Alikuwa akiniambia, mimi naandika nyuma ya kalenda. Mgombea alipokuja mtaani 2007 kumwomba kura, alinituma ndani kuileta. Nilimsomea yule bwana mstari wa kwanza mpaka wa mwisho, mbele ya majirani. Alikunywa maji aliyopewa, akaaga, hakurudi.

Kijana wako naye umjibu. Mwambie, ndiyo, ni sisi tuliowaweka. Kisha muulize kama amejiandikisha.

SWALI: Bi Mwalimu, baba mkwe ni ajenti wa chama tawala tangu zamani, chama kikibadilika naye hubadilika. Tunaishi nyumba moja Kilifi. Nikisema bei ya unga imepanda ananiambia mimi ni adui wa serikali. Mume wangu ananiomba ninyamaze. Ninyamaze mpaka lini?
Mkaza Mwana, Kilifi

JIBU: Mwanangu, kwa jina la Rais baba mkwe hutamshinda, maana hapo anatetea miaka yake yote, hamtetei Rais. Liache jina. Mzungumzie kitu ambacho naye anakigusa. Zahanati ya karibu ina dawa ya presha au haina? Yeye mwenyewe alinunua wapi mwezi uliopita, na kwa shilingi ngapi? Muulize kwa adabu, kama mtu anayetaka kusaidiwa: "Baba, wewe unawajua wakubwa, hili la dawa ungewafikishia." Akienda, umepata mtu wa kukusemea ndani ya chama. Asipokwenda, atajua mwenyewe kwa nini hakwenda, na wewe hutakuwa umemvunjia heshima. Kuhusu unga, weka risiti. Mwezi huu na ule zikae pamoja kwenye kopo juu ya kabati, pale anapochukua sukari yake.