Wasomaji Wanauliza: Kumwotea Kulungu kwa Upinde Katika Ardhi ya Umma

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa wasomaji wetu walioko jimbo la Wisconsin, Marekani, ambako msimu wa kuwinda kwa upinde hufunguliwa Jumamosi iliyo karibu na tarehe 15 Septemba. Kabla sijazijibu, neno moja kuhusu jina. Kulungu wa nyumbani, yule wa vichakani mwenye pembe zilizojisokota, ni wa ukoo wa swala na ng'ombe, na pembe zake hazidondoki. Huyu wa Marekani huangusha pembe zake kila mwaka na kuotesha nyingine, na anaposhtuka huinua mkia wake mweupe kama mtu anayepunga leso. Wafasiri wa Biblia wangemwita ayala, lakini kwa kuwa ninyi nyote mmeandika kulungu, nami nitafuata kalamu zenu.

Shikamoo, Mzee. Ninaishi Milwaukee, na asili yangu ni Uvira. Mwaka jana nilinunua kibanda cha kujifichia, kile cha kitambaa cha kukunjua, nikakisimamisha katika ardhi ya jimbo na kukiacha hapo siku tatu, nikiamini kwamba kulungu wangekizoea. Siku ya nne nilikuta karatasi ya onyo imebandikwa mlangoni. Nilikosea nini, na nitawazoeshaje kulungu kibanda nisichoruhusiwa kukiacha?

Marahaba, mwanangu. Kosa lako ni kufuata ushauri ulioandikwa kwa ajili ya watu wengine. Wanaosema kibanda kisimamishwe wiki mbili au tatu kabla ya kuwinda ni watu wenye mashamba yao, ambao hakuna wa kuwauliza. Katika ardhi inayosimamiwa na Idara ya Maliasili ya Wisconsin, kibanda cha kitambaa hakiachwi bila mtu: unakuja nacho mgongoni na unaondoka nacho mgongoni siku hiyohiyo, na karibu na mlango wake sharti pawe na jina na anwani yako, au namba yako ya mteja wa Idara, kwa maandishi yanayosomeka. Misitu ya kaunti na ile ya serikali kuu, kama Chequamegon-Nicolet yenye ekari zipatazo milioni moja na nusu, ina masharti yake, kwa hiyo soma kijitabu cha kanuni cha mwaka husika kabla ya kufunga mzigo.

Kanuni hiyo, hata hivyo, ina mlango mdogo ambao wengi huupita bila kuuona. Kibanda kilichojengwa chote kwa mimea iliyokufa, iliyookotwa palepale, hakihesabiwi pamoja na vile vya dukani, na unaweza kukiacha. Nakiri kwamba mimi hupenda hiki kuliko vyote. Unatafuta mti ulioanguka, unaegemeza matawi makavu kwenye shina lake mpaka yafike kifuani kwako ukiwa umeketi, unaacha tundu mbili za kupitishia mshale, kisha unafagia majani makavu chini mpaka uone udongo mtupu, ili mguu wako usipige kelele. Usikate tawi bichi hata moja, wala usipigilie msumari. Wahadzabe wa pembezoni mwa Ziwa Eyasi hujificha kwa namna inayofanana na hii karibu na maji mwishoni mwa kiangazi, na hawajawahi kuhitaji duka. Ila ukumbuke kwamba ardhi ni ya umma: ukikuta mwenzako amekwisha kukaa katika kibanda ulichojenga wewe, msalimie kwa mkono kutoka mbali na uende kwingine.

Ukishikilia kile cha kitambaa, usiwazoeshe kulungu, kifiche. Kulungu hatishwi sana na kibanda kama anavyotishwa na umbo jipya lenye kingo zilizonyooka katikati ya uwazi. Kiingize ndani ya kivuli cha misonobari, mgongo wake uegemee kichaka kinene, kisha chomeka matawi makavu na nyasi ndefu kwenye vitanzi vya nje mpaka mstari wa paa upotee. Fika saa nzima kabla ya mapambazuko, maana kuta za vibanda hivi zinapokunjuliwa hulia pwaa! kama mlango uliopigwa na upepo, na mlio huo ni afadhali usikike gizani, wakati bado kuna muda wa msitu kutulia.

Lililo kubwa kuliko yote ni upepo, na hapa ndipo ninapowaona wawindaji wapya wakijidanganya. Kibanda huficha macho na mikono, harufu hakiifichi. Mabaharia wetu wana maneno mawili mazuri, goshini, yaani upande unakotoka upepo, na demani, upande unakokwenda. Mahali pa kuketi ni demani ya njia ambayo kulungu ataipita, na njia yako ya kuingilia nayo isikatize ile ya kwao. Penye vilima mambo huzidi ugumu kidogo: usiku na alfajiri hewa baridi huteremka bondeni kama maji, na jua likishapasha joto mteremko, hewa hiyo hugeuka na kupanda. Mtu aliyeketi vizuri saa kumi na mbili asubuhi huweza kuwa ameketi vibaya kabisa ifikapo saa tatu. Beba kichupa cha unga laini, upulize kidogo dirishani kila baada ya muda, na unga ukianza kuelekea kule unakowatarajia, kunja kibanda uhame. Hiyo ndiyo faida ya kutoruhusiwa kukiacha.

Mimi nina umri wa miaka 34 na sijapata cheti cha mafunzo ya uwindaji. Je, nisubiri mwaka ujao? (Msomaji, Racine)

Si lazima. Aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1973 au baadaye anahitaji cheti ili anunue leseni ya kawaida, lakini jimbo lina utaratibu wa kuwinda chini ya mlezi. Mlezi awe na umri wa miaka 18 au zaidi, awe na leseni na sifa zinazotakiwa, naye akae karibu nawe kiasi cha kuweza kukugusa kwa mkono. Hapo ndipo kibanda cha chini kinapoushinda ulingo wa mtini, ule unaofanana na dungu la walinzi wa mpunga wa Rufiji: mtini si rahisi watu wawili kukaa bega kwa bega, na aanguka hovyo anayepanda gizani akiwa na hofu.

Mzee, nilikuwa ndani ya kibanda, kulungu jike alisimama mita kumi na tano mbele yangu, nikalenga vizuri kupitia dirishani, lakini mshale ulipasua ukingo wa dirisha na kwenda kando. Upinde wangu ni wa kapi, ule wenye vigurudumu kwenye ncha zake, na nilikuwa nimeurekebisha wiki hiyo. Tatizo ni nini? (Msomaji wa kike, Madison)

Pole, binti yangu. Nami nina kibanda chenye kiraka cha sentimita kumi chini ya dirisha la kushoto, na kiraka hicho kina historia kama yako. Upinde wako hauna ila. Jicho lako na alama ya kulengea viko juu ya mshale kwa kadiri ya upana wa kiganja. Hivyo unapochungulia juu kidogo tu ya ukingo wa dirisha, unamwona kulungu mzima, ilhali mshale umeelekezwa kwenye kitambaa. Dawa yake ni kuketi umbali wa mkono mmoja kutoka dirishani, kufungua dirisha chini zaidi ya unavyodhani inatosha, na kila mara unapokwisha kuvuta upote, yaani kamba ya upinde, kushusha jicho mara moja kutazama ncha ya mshale ilipoelekea. Fanyia mazoezi nyumbani ukiwa juu ya kigoda kilekile, ndani ya kibanda kilekile, umevaa koti lilelile la baridi, kwa sababu mtu anayefanya mazoezi akiwa wima na fulana hujifunza kazi nyingine.

Kwa kuwa umenieleza umbali, niongeze jambo. Ndani ya kibanda vaa nguo nyeusi, hata kofia na glavu, badala ya zile za rangi ya majani, kisha funga madirisha yote ya nyuma. Dirisha la nyuma likiachwa wazi, mwanga hupita na kukuchora kama kivuli cha karagosi, na kulungu ataona mkono wako ukivuta. Usifyatue mbali kwa kujisifu. Mshale wa upinde wa kisasa huenda kiasi cha mita 85 kwa sekunde, nayo sauti ya upote huenda mita 340. Kwa mita 18 sauti humfikia kulungu mshale ukiwa umefika robo ya njia tu, naye akishtuka huinama ili aruke, na mshale hupita juu ya mgongo. Kadiri umbali unavyoongezeka, ndivyo nafasi yake ya kuinama inavyokua. Subiri ageuke ubavu, au asimame mshazari, kichwa kikielekea mbali nawe, na mguu wake wa mbele ulio upande wako uwe umepiga hatua mbele. Lenga nyuma kidogo ya bega, theluthi ya chini ya kifua, yalipo mapafu na moyo. Akikutazama uso kwa uso, mwache.

Babu zetu walipaka sumu kwenye mishale. Kwa nini huku hakuna anayefanya hivyo? (Msomaji, Kenosha)

Kwa sababu sheria inakataza: mshale wenye sumu au dawa ni kosa katika jimbo hili. Ni kweli kwamba Waata wa upande wa Tsavo waliwaangusha hata tembo kwa sumu hiyo na pinde nzito sana, lakini uwindaji wa wananchi nchini Kenya ulipigwa marufuku mwaka 1977, na huku kazi hufanywa na makali. Wisconsin, ambayo mwaka 1934 ilifungua msimu wa kulungu wa upinde katika kaunti za Columbia na Sauk, inataka upinde wenye nguvu ya kuvuta isiyopungua ratili 30, na kigumba cha chuma chenye makali na upana usiopungua saba kwa nane ya inchi. Mimi hunoa kigumba mpaka kinyoe nywele za mkono, ndiyo kawaida yangu. Kigumba butu humtesa mnyama na kukupotezea usiku.

Assalaamu alaykum. Nikimpata kulungu kwa mshale na nisimwone mpaka kesho yake, nyama ni halali? Na nitajuaje muda wa kumfuata? (Msomaji, Green Bay)

Waalaykum salaam. Mimi si sheikh, kwa hiyo umwulize imamu wako, lakini msingi unafahamika kutokana na hadithi za Adiy bin Hatim, aliyemwuliza Mtume (S.A.W.) maswali hayahaya: taja jina la Mwenyezi Mungu unapofyatua; alichokitoboa mshale kwa ncha yake kinaliwa, kilichokufa kwa kugongwa na ubavu wake hakiliwi; na ukimkuta baada ya siku moja au mbili bila alama nyingine ila ya mshale wako, unaruhusiwa, isipokuwa ukimkuta amezama majini.

Muda wa kumfuata utauambiwa na mshale wenyewe. Usitoke kibandani kwa furaha. Kumbuka mahali aliposimama na mti wa mwisho alioupita, tulia nusu saa, kisha nenda ukautafute mshale. Damu ya waridi yenye povu ni ya mapafu, na kwa kawaida utamkuta si mbali. Damu nyeusinyeusi isiyo na povu ni ya ini. Mpe saa nne hadi sita. Ukiona utelezi wa kijani au kahawia wenye harufu ya tumbo, rudi nyumbani na umwache saa nane hadi kumi na mbili, hata moyo ukikuuma, kwa maana ukimkurupusha ataondoka pale alipolala na hutamwona tena. Damu ikivuka uzio na kuingia shamba la mtu, simama ukaombe ruhusa kwanza. Ukishampata, msajili kwa Idara kabla ya saa kumi na moja jioni ya siku inayofuata.

Mke wangu anakataa kupika nyama hii kwa sababu amesikia habari za ugonjwa wa kulungu. Je, ana haki? (Msomaji, Sun Prairie)

Ana haki ya kuuliza, na mnaishi mahali pa kuuliza. Ugonjwa huo, unaojulikana kwa herufi CWD, husababishwa na protini iliyoharibika iitwayo prioni. Humkondesha mnyama polepole hadi afe, na hauna dawa wala chanjo. Ulitambuliwa mara ya kwanza Colorado mwaka 1967, na mwaka 2002 ukathibitishwa Wisconsin kwa kulungu waliowindwa karibu na Mount Horeb, katika kaunti yenu ya Dane. Hakuna mtu aliyethibitishwa kuambukizwa, lakini kupika hakuuui, na mamlaka ya afya ya Marekani inashauri kulungu wa maeneo yenye ugonjwa apimwe kabla ya kuliwa, na nyama ya aliyekutwa nao isiliwe. Kulungu mwenye afya machoni huweza kuwa nao. Kipimo hakilipiwi: unapeleka kichwa pamoja na sehemu ya shingo kwenye kituo cha kupokelea sampuli, wao hutoa matezi na kukupa namba. Wakati wa kuchuna vaa glavu, usipasue uti wa mgongo wala ubongo, na kila mfuko unaoingia kwenye friza uandikwe namba hiyo kwa kalamu isiyofutika, ili majibu yakija mama wa nyumba ajue ni mfuko upi wa kutoa.

Mzee, kwa ufupi: tarehe za bunduki hunihusu mimi mwenye upinde? Ndiyo, zinakuhusu. Katika msimu wa bunduki wa siku tisa za Novemba, unaoanza Jumamosi kabla ya Sikukuu ya Kushukuru, nusu ya vazi lako la juu ya kiuno na kofia sharti viwe vya rangi ya chungwa inayong'aa au waridi kali, na kibanda katika ardhi ya Idara kionyeshe inchi 144 za mraba za rangi hiyo kila upande unapokitazama, yaani kitambaa cha kama sentimita 30 kwa 30. Mimi hufunga vitambaa vinne, kimoja kila ukuta.