Mwalimu wa kinanda kasema mwanangu mwenye usonji "hafundishiki": jibu langu

Dada, pole. Nimesoma ulivyoeleza: kijana ana miaka 7, maneno yake ni machache, lakini matangazo ya redio anayaimba mwanzo mwisho bila kukosea. Ukampeleka kujifunza kinanda, siku ya tatu mwalimu akamrudisha. Unauliza kama kweli hafundishiki, na kama muziki utamfanya aongee.

Nafundisha kinanda hapa Dar, na kwa miaka 9 sasa sikosi wanafunzi wawili watatu wenye usonji. Sikusomea tiba ya muziki. Mimi ni mtu wa kwaya, nimejifunza kwa kuharibu, kwa hiyo naanza na nilivyoharibu.

Wa kwanza nilimchanganya na wenzake kumi kwenye ukumbi wa bati, spika mbili, ngoma mbili. Nilidhani ngoma zitamchangamsha. Aliingia chini ya meza, akaziba masikio, akapiga mayowe mpaka bibi yake akaja kumchukua. Nikamwambia bibi, huyu hapendi muziki. Akanijibu, "Mwalimu, huyu anaimba na feni."

Sikumwelewa mpaka nilipokwenda kwao. Nilimkuta kalala sakafuni chini ya pangaboi, anaguna kwa sauti ileile ya pangaboi, haizidi haipungui. Bibi akapunguza spidi, na mtoto akashuka nayo.

Kumbe kilichomshinda ni ule ukumbi. Mimi na wewe masikio yetu yanachuja: tunamsikia mwalimu, mengine tunayaacha yapite. Watoto wengi wenye usonji hawana huo mchujo, mwangwi wa bati na honi ya bajaji vinaingia pamoja na wimbo, vyote kwa uzito mmoja. Tukaanza upya, yeye peke yake, chumba chenye mkeka na mapazia, kinanda sauti ya chini kabisa, dakika 10 tu. Wiki tatu alikaa mlangoni. Mimi nikawa napiga wimbo uleule wa kuingia na uleule wa kuondoka. Wiki ya nne akaja mwenyewe, akabonyeza DEMO, kile kitufe kinachofanya kinanda kijipigie wimbo chenyewe. (Kila mwalimu wa kinanda anaijua balaa ya kitufe cha DEMO. Nilikiziba kwa plasta.)

Miezi kadhaa baadaye, siku moja akagoma. Wimbo anaoujua vizuri, anapiga noti tatu, anaondoa mkono, analia, anang'ata kiganja. Nikasema moyoni, leo kaamka vibaya. Akanishika mkono, maana yeye hanyooshi kidole, anautumia mkono wako kama fimbo, akaupeleka kwenye vitufe vya TRANSPOSE, vile vinavyopandisha au kushusha sauti ya kinanda kizima. Natazama kioo: +1. Vijana wa kwaya walikiazima Jumapili, wakapandisha nusu sauti, hawakurudisha. Mimi mwalimu nilikuwa nimekaa pale sijasikia chochote.

Sikio la namna hiyo, linaloijua noti bila kuilinganisha na nyingine, ni adimu, ila kwa wenye usonji hupatikana zaidi kuliko kwa wengine. Si wote. Nina binti hana hilo kabisa, yeye anachopenda ni kayamba na kuhesabu. Wa kwako, mrekodi kwa simu akiimba tangazo, kisha linganisha na tangazo lenyewe. Kama anaanzia noti ileile ya redio, una kitu cha kumwonesha mwalimu.

Ninavyofanya siku hizi: ukutani kuna kadi za picha kwa mpangilio wa kipindi, kinanda, kayamba, maji, kwaheri, na tukimaliza kimoja yeye mwenyewe anaigeuza kadi. Maneno nayapunguza. Sisemi "haya sasa hebu tujaribu tena taratibu", nasema "piga do". Kwa anayezijua herufi, d r m za kwaya zinaingia haraka kuliko noti za mistari mitano, naziandika kwenye vibandiko juu ya vitufe. Ukipata marimba ndogo yenye vibao vya kuchomoa, toa fa na ti. Huo ni ujanja ulioenezwa na Mjerumani Carl Orff: zinazobaki, do re mi so la, hata zikigongwa ovyo hazigombani, mtoto anapiga anavyotaka na wewe unamfuata. Akipunga mikono au akiyumba, mwache, hakuzuii kufundisha. Mwalimu anayemkamata mikono kwa nguvu usirudi kwake.

Kuhusu kuongea. Mwaka 2017 yalitoka matokeo ya utafiti wa tiba ya muziki katika nchi 9, watoto 364 wa miaka 4 hadi 7. Baada ya miezi mitano, dalili za usonji upande wa mahusiano na watu hazikupungua zaidi kwa waliopata tiba hiyo kuliko kwa wasioipata. Uchambuzi wa 2022 uliokusanya tafiti 26 ulikuwa na habari nzuri zaidi kuhusu hali ya jumla na maisha ya mtoto, lakini kwenye kuongea haukuona tofauti ya wazi. Na hao walikuwa wataalamu wa tiba, si mimi na kinanda changu. Anayekuahidi kwamba kwa miezi mitatu ya vipindi mtoto ataongea, anakuuzia maji ya mto.

Yule wa pangaboi sasa ana miaka 15. Anapiga kwa mikono miwili, na vinanda vyote vya kwaya yeye ndiye anayevikagua kabla ya ibada. Haongei. Bibi yake aliacha zamani kuniuliza ataongea lini, siku hizi ananiuliza wimbo unaofuata ni upi.

Ukipata mwalimu mwingine, nenda kwanza peke yako. Mwombe akuoneshe chumba, ukae dakika tano bila kusema neno, usikilize. Kama kuna jenereta nyuma ya ukuta, aga uondoke.